Baba wa Udongo

Mwezi uliopita nilimkabidhi mwanafunzi wangu Yusta ufunguo wa karakana yetu ya Kibondo, patasi nne, tezo moja na pipa la udongo, kisha tukaandika kwenye daftari kwamba nimestaafu. Hakuna ofisi iliyonistaafisha. Mkono wangu wa kulia umeanza kutetemeka, na mtu anayechora herufi kwa mkono unaotetemeka anawaharibia watu biashara. Yusta na wenzake wakaniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Nadhani walitaka habari za maonyesho na vyeti. Vyeti ninavyo viwili, na mchwa wameshavisoma. Nitaandika kazi yenyewe.

Jina langu Skolastika, ila tangu usichana watu waliniita Skola, na baadaye Fundi Skola. Nilizaliwa Makere. Mama yangu alikuwa mfinyanzi wa vyungu. Udongo tulichimba bondeni, tukaubeba kichwani, tukautwanga na kuutoa mawe kwa vidole, na mama alinipiga kofi la mgongo kwa kila jiwe nililoliacha. Vyungu vikishaiva tulivipeleka soko la Kasulu, na mimi nilikaa nyuma yake kuvilinda visipigwe mateke na wapita njia. Kulinda vyungu hakuna kazi nyingi. Nilikuwa nachukua mkaa na kuchora watu kwenye karatasi za mifuko ya saruji.

Hapo ndipo aliponikuta Mzee Athumani. Yeye alikuwa mwandishi wa mabango pale mjini. Wazee wake walitoka Ujiji na alikuwa na ndugu Tanga, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha mtu yeyote niliyekuwa nimewahi kumsikia nje ya redio. Alikuja kununua chungu, akaiona karatasi.

"Huyu nani?"

"Yule muuza chumvi pale."

"Mbona umemchora amekasirika?"

"Amekasirika kweli. Mtazame."

Akamtazama. Akacheka, kisha akamgeukia mama. "Mama, huyu binti yako niachie nimfundishe kuandika."

"Kuandika anajua," mama akasema. "Amemaliza la saba."

"Kuandika anajua. Kuandika watu wasome wakipita na baiskeli hajui."

Mama alifikiri kwa muda wa kuuza vyungu viwili, kisha akakubali. Jumatatu nikaanza.

Siku ya kwanza sikugusa rangi. Niliosha brashi kwa mafuta ya taa mpaka vidole vikababuka, na nilifundishwa kwamba brashi hailazwi juu ya nywele zake, inaning'inizwa. Wiki tatu nilichora mistari mirefu tu kwenye mabati machakavu. Mstari ukipinda, mzee anapaka juu yake na kusema, "Tena, mwanangu." Hakuwahi kupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Bango langu la kwanza lilikuwa la duka la nafaka. Nilimaliza, nikarudi nyuma, nikalipenda. Mzee akaja na kahawa yake mkononi.

"Skola, nisomee hapa."

"Mchere na unga."

"Soma tena."

"Mchere, mzee."

Ilibidi aweke kikombe chini. Sisi Waha tukiongea Kiswahili, L na R zinatuingiliana mdomoni, na mimi nilikuwa nimeandika kama tunavyosema nyumbani. Mwenye duka alikuwa Muha pia. Alikuja, akasoma, akasifu, akalibeba bango lake, na alikasirika sana mzee alipolifuata ili lirekebishwe. "Kwani mchere unaandikwaje?" aliuliza. Tangu siku hiyo nilitembea na karatasi mfukoni yenye maneno yote ya L na R. Nyinyi mna simu siku hizi. Hata hivyo wiki iliyopita nimeona "hoteri" mbili njiani, na najua ni nani kati yenu ameziandika.

Mzee Athumani alinifundisha mambo mengi madogo. Rangi huchanganywa kuanzia chini ya kopo. Kabla ya kusema kazi imekwisha, vuka barabara uisome kutoka upande wa pili, kwa sababu mteja hasomi bango akiwa amelibusu. Jambo moja tu hakunifundisha. Kwa imani yake hakuchora mtu wala mnyama. Walipokuja wenye saluni kutaka vichwa vilivyonyolewa, au mwenye bucha kutaka ng'ombe, aliwaelekeza kwangu.

"Mimi naandika, wewe unachora," alisema. "Kila mmoja atajieleza kwa Mungu kwa nafsi yake."

Kwa hiyo nyuso nilijifunza peke yangu, kwa kuzikosea, kwenye milango ya saluni za Kasulu. Wateja walioingia kuangalia mtindo wa nywele walitoka wanamuuliza kinyozi yule mtu mlangoni anaumwa nini.

Aliyeninyoosha alikuwa Papa Floribert. Alikuwa mkimbizi kutoka Kongo upande wa mashariki, mchonga sanamu, anaishi kambi ya Nyarugusu, jirani kabisa na kwetu Makere. Siku za soko alikaa na vinyago vyake kwenye turubai, na mimi nilikuwa nimeenda kununua mafuta. Nilisimama mbele ya kichwa cha mwanamke alichokuwa akikichonga. Kilikuwa nusu tu, upande mmoja bado gogo, lakini yule mwanamke alikuwa tayari anakusikiliza. Nikamwambia na mimi nachora nyuso. Akanipa mkaa na ubao. Nikachora. Akaangalia muda mrefu, kwa heshima.

"Mama, hii haiko uso," akasema. "Iko sahani. Umeweka macho na mudomo mu sahani. Mufupa iko wapi?"

Akachukua mkono wangu akauweka kwenye uso wangu mwenyewe, juu ya shavu, akakandamiza. "Hapa. Hapa. Na hapa. Anza na mufupa. Ngozi itakuja yenyewe."

Nilikwenda kwake karibu kila siku ya soko kwa miaka mingi. Alinionyesha jinsi ya kutengeneza patasi kwa kipande cha nondo, kukifua na kukinoa. Alinifundisha kusoma mti kabla ya kuupiga, na kuanzia kwenye pua kwa sababu ndiyo inayotoka mbele na mti ukishaondoka haurudi. Juu ya udongo alinipa neno moja tu: "Udongo iko na huruma, mama. Inakusamehe." Juu ya saruji alinionya mara moja, nami sikusikia. Nikapata kazi ya kutengeneza ng'ombe wa saruji mbele ya duka la maziwa pale Kasulu. Nilitaka miguu myembamba, ya kweli, na niliona nondo zitainenepesha. Nikaweka waya tu. Ng'ombe alisimama vizuri siku tisa. Siku ya kumi alipiga magoti mbele za watu, na siku ya kumi na moja akalala. Mwenye duka, mtu mstaarabu, akaandika ubao mdogo kwamba ng'ombe amepumzika. Papa Floribert nilipomsimulia hakucheka. Aliuliza, "Mufupa?" Nikasema hapana. "Bon," akasema, yaani haya basi, na akaendelea kuchonga.

Nikaolewa na mwalimu wa shule ya msingi, akahamishiwa Kibondo, nikamfuata na brashi zangu. Kibondo hawakunijua. Walikuwa wakifika karakana, wananiona nimeshika nyundo, wanauliza, "Fundi yuko wapi?" Mwanzoni nilijibu kwamba ni mimi. Baadaye nilichoka nikawa nasema ametoka kidogo, waniachie mimi maelezo. Wakirudi na kukuta kazi imefanywa wanasema nimpelekee fundi salamu.

Kambi ya Nduta ilipofunguliwa tena kwa ajili ya Warundi, kazi ikawa nyingi. Shirika moja liliniita kuchora kuta za vyoo na vituo vya maji. Nimechora mikono inayonawa mpaka nikawa naiota. Ofisa mmoja kijana alinirudisha mara tatu kwa sababu mikono yangu haikuwa na furaha. Nilimuuliza mkono wenye furaha ukoje. Akasema nitajua mwenyewe. Nikaongeza bangili, akaridhika.

Baada ya kuta, wakanipa darasa la ufinyanzi la wanawake, mle mle kambini, kwenye banda la miti na turubai, alasiri mara tatu kwa wiki. Nadhani ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote. Kiha changu na Kirundi chao vinasikilizana, kwa hiyo hatukuhitaji mkalimani. Tulifinyanga vyungu, mabakuli na majiko, na tuliongea. Na hapo ndipo ilipoanza kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Nitaieleza kwa urefu kidogo, kwa sababu mmeisikia nusunusu na kila mmoja wenu ana nusu yake. Maneno yalisemwa kwa lugha zetu za nyumbani, ninayaweka kwa Kiswahili.

Kulikuwa na mwanamke mmoja anaitwa Konsolata. Mkimya, mikono mizuri, vyungu vyake havikuwa na jiwe hata moja. Alikimbia Burundi akiwa na mimba. Mumewe, Leonidasi, alimtanguliza na kundi la majirani, yeye akabaki nyuma kumchukua mama yake mzee, wakutane mpakani. Hawakukutana. Simu yenye picha zake ilizama mtoni wakati Konsolata anavuka. Mtoto akazaliwa Nduta, wa kike, akaitwa Kezia. Nilipowajua, Kezia alikuwa na miaka mitatu, na Leonidasi hakuna aliyekuwa na habari zake.

Siku moja Konsolata alibaki wenzake walipoondoka.

"Mwalimu, nitengenezee uso wa baba Kezia. Mtoto ananiuliza babake anafananaje, nami nasema alikuwa mrefu. Kila siku nasema alikuwa mrefu."

Nikakataa. Nilimwambia siwezi kutengeneza mtu ambaye sijamwona. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema sawa, akanawa mikono. Darasa lililofuata akabaki tena.

"Nitakuelekeza," alisema.

Nikaketi na udongo. "Pua yake ilikuwaje?"

"Pua ya kawaida."

"Macho?"

"Mazuri."

"Mdomo?"

"Alikuwa haongei sana."

Kwa maelezo hayo ungeweza kumtengeneza mwanaume yeyote kuanzia Kibondo hadi Bujumbura. Nilifinyanga, akatazama, akasema si yeye. Nikabomoa. Nikafinyanga tena. Si yeye. Wiki mbili zikapita hivyo. Alasiri moja alianza kulia, na nilifikiri ni kwa sababu nimeshindwa, kumbe sivyo.

"Nimemsahau, mwalimu," alisema. "Nakumbuka shati lake. Nakumbuka baiskeli. Uso umetoka."

Nilifanya kile nilichofanyiwa mimi: nilichukua mikono yake nikaiweka juu ya udongo. Nikamwambia afumbe macho, aache kufikiria pua. Nikamuuliza, alipokuwa anaumwa, ulimshika wapi kujua ana homa? Mkono wake ukapanda kwenye paji. Ukasimama, ukasema paji hili ni pana mno, na dole gumba likaanza kusukuma udongo ndani. Alipokuwa analala, ulikuwa unamwona upande gani? Upande huu. Shavu likapatikana. Alikuwa ananyoa mwenyewe? Hapana, nilimnyoa mimi. Basi mnyoe. Akapitisha kidole chini ya taya, polepole, kama mwenye wembe, na taya likatokea pale mbele yangu, taya la mtu mmoja tu duniani.

Kazi yangu ilikuwa kushika udongo usianguke na kumwekea mfupa ndani, kijiti cha kuushikilia. Alasiri tano zaidi. Siku ya mwisho alifumbua macho, akatoa mtandio akakifunika kile kichwa haraka kama mtu aliyekutwa anaoga. Kisha akaufunua nusu.

"Ni yeye," akasema. "Ananiuliza kwa nini nimechelewa."

Tulikiacha kikauke wiki nne. Nilikitoboa shingoni kutoa kile kijiti, nikakichoma kwa majani kama alivyochoma mama yangu vyungu. Kikatoka chekundu, na ufa mdogo nyuma ya sikio ambao Konsolata alikataa niuzibe. Akakibeba kwenye ndoo, amekifunika kitenge.

Majirani wawili watatu walisema ameanza kuabudu sanamu, na kiongozi wa kijiji cha kambi akaniita nijieleze. Nilimwambia ni picha, ila ya udongo. Akaenda kuiona. Alikaa mle ndani muda, akatoka, akaniuliza kama ningeweza kumtengenezea kaka yake. Nikasema nitafikiria. Nilimaliza vichwa sita vya namna ile kabla sijasema basi. Nilikuwa nachoka kuliko kubeba saruji.

Kezia akakua na kile kichwa. Kiliwekwa juu ya sanduku, na kila asubuhi alikisalimia. Akipewa uji alikipa kijiko cha kwanza, halafu anakila mwenyewe kwa niaba yake. Aliwaonyesha wenzake: "Huyu baba." Konsolata aliniambia anaona ni vizuri, na mimi niliona ni vizuri. Sijui nani angeona vingine.

Miaka minne ilipita. Siku moja nikiwa bandani napanga vyungu, aliingia mwanaume mwembamba amebeba ndoo. Alisimama mbele yangu akatoa kitenge. Kilikuwa kile kichwa.

"Ni wewe uliyemtengeneza huyu?"

Nikasema ndiyo.

"Mimi ndiye Leonidasi."

Nawaambia ukweli, nilimtazama yeye, nikatazama udongo, na nilitaka kumwambia hapana. Kichwa kilikuwa cha kijana mwenye mashavu. Huyu alikuwa na mvi, meno ya mbele hayapo, na taya lilikuwa limevunjika zamani likaunga vibaya, limeelekea kushoto. Alikuwa ameishia kambi nyingine, nchi nyingine. Mama yake alifia huko. Alitafuta majina ya mkewe kwenye orodha mpaka akampata, akasafiri, akafika. Hiyo ilikuwa wiki ya pili tangu afike.

"Mke wangu alinitambua kwa sauti kabla sijaingia," alisema. "Mtoto alikimbia ndani. Akakumbatia hiki. Akasema, *Uyu si data.* Huyu si baba yangu. Tangu siku ile mtu huyu anakula nyumbani kwangu, mama. Mtoto anampa uji. Mimi ananipa mgongo."

Hakuwa akipiga kelele. Aliketi kwenye gogo, ndoo katikati ya miguu. Nilijisikia vibaya kama sijawahi kujisikia kwa kazi yoyote, na ng'ombe wa Kasulu nimemhesabu.

"Nikivunje?" nikauliza. "Nitakivunja sasa hivi."

Akaangalia ndani ya ndoo. "Nilikuja nacho kwa ajili hiyo. Njiani nikafikiria. Ukikivunja, atasema mimi ndiye niliyemuua babake."

Baadaye akauliza, kwa upole kidogo, "Kweli nilikuwa hivi?"

"Mkeo alikuwa amefumba macho akikutengeneza. Mimi nilishika tu."

Alipitisha kidole kwenye lile taya zima, kuanzia sikioni hadi kidevuni. Kisha akapitisha kwenye lake.

Niliomba anipe siku mbili. Siku hizo sikulala vizuri, na mume wangu, ambaye hakuwahi kunishauri juu ya kazi, alisema nimwombe mtoto mwenyewe anisaidie. Nikaenda nyumbani kwao. Konsolata alikuwa amekaa kati ya wawili hao kama mtu anayeamua ugomvi ambao hakuna aliyeuanzisha. Nikamwambia Kezia kwamba nina kazi ya kutengeneza kichwa kingine, cha huyu mgeni, na kwamba macho yangu yamechoka na nahitaji mtu wa kunishikia. Sikusema uongo. Macho yalikuwa yamechoka.

"Huyu?" akauliza, bila kumtazama.

"Huyu."

"Ni mbaya."

"Ndiyo maana ni kazi ngumu," nilisema. Leonidasi aliinamisha kichwa, na sikujua kama nimemuumiza mpaka nilipoona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka. Konsolata akaniambia baadaye hajawahi kumsikia akicheka tangu afike.

Akaja bandani, mtoto wa miaka saba, mikono nyuma. Leonidasi akaketi kwenye gogo. Nikaweka udongo na mfupa wake ndani. Nikamwambia Kezia kanuni ni moja: gusa kwake kwanza, ndipo uguse kwenye udongo, la sivyo utatengeneza sahani. Siku ya kwanza aligusa paji kwa ncha ya kidole kimoja, kama mtu anayepima sufuria ya moto, akakimbilia udongo. Tulipata paji. Siku ya pili tukapata nyusi na pua. Pua ilimchukua muda. Niliona anagusa ya kwake pia, anarudi kwa baba, anarudi kwake. Mimi nikajifanya natafuta maji.

Siku ya tatu alifika kwenye taya. Vidole vikasimama.

"Hapa pamefanya nini?"

Leonidasi akanitazama mimi. Nikatazama udongo.

"Nilipigwa," akasema.

"Na nani?"

"Watu walionizuia njiani, nilipokuwa nawafuata."

"Ulikuwa unamfuata nani?"

"Mama yako. Na wewe, ulikuwa ndani ya tumbo."

Kezia alifikiri. Akarudisha kiganja chote kwenye lile taya, sio kidole, akakiacha pale. "Panauma?"

"Kukiwa na baridi."

Hiyo siku hatukufanya kingine chochote kwenye udongo. Nilikifunika kwa kitambaa kibichi nikaondoka mapema, nikasema nina kikao. Sikuwa na kikao.

Siku ya nne walikuja tena, na ya tano. Walikuwa wanaongea zaidi kuliko kufinyanga, nami nilikuwa nawakumbusha kazi bila bidii. Tulikuwa tumebakiza sikio la kushoto na nywele. Siku ya sita hawakuja. Nikalowesha kitambaa. Ya saba hawakuja. Nikalowesha tena. Nilianza kuwa na wasiwasi, kwa sababu udongo nao una siku zake, na kwa sababu nilidhani wamegombana. Nikaenda.

Konsolata alikuwa mlangoni anachagua maharage. Nyuma ya nyumba nilisikia panga likikata miti. Leonidasi alikuwa anajenga uzio wa bustani ndogo, na Kezia anamshikia fito na kumwambia zimepinda. Kile kichwa cha zamani kilikuwa bado juu ya sanduku, kimefutwa vumbi.

"Hicho mmekiacha?" nikamuuliza Konsolata.

"Baba Kezia ndiye aliyekirudisha hapo. Anasema ni mdogo wake, hajaona taabu, tumtunze."

Nikazunguka nyuma. "Kezia," nikasema, "sikio bado. Nakusubiri."

Akanitazama kama ninavyowatazama wateja wanaokuja siku ya Jumapili. "Leo sina nafasi, fundi," akasema. "Mimi na data tuna kazi. Hicho kichwa kaa nacho tu." Na akamgeukia baba yake. "Shika vizuri, unaziachia."

Nilirudi bandani. Nilikiangalia kile kichwa muda mrefu kwa sababu, nisiwafiche, kilikuwa kizuri. Kilikuwa na alama za vidole vidogo kila mahali, taya lake limepinda kwa usahihi ambao mimi peke yangu nisingeupata. Ningeweza kukikausha, kukichoma na kukipeleka mahali watu wakakiona. Ofisa wa shirika alishaniuliza. Lakini kilikuwa na sikio moja, na mwenye kulitengeneza alikuwa na kazi nyingine.

Nikakibonyeza kwa viganja viwili, nikakitia maji, nikakirudisha kwenye pipa. Darasa lililofuata wanawake walitengeneza majiko kwa udongo ule.